Kila Nyumba na Tundu Lake

Mwalimu wa Ushoni hakuwa na sauti ya kuimba hata kidogo. Nalitanguliza hilo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa nyimbo katika shule hiyohiyo, na kila asubuhi wakati wa wimbo wa taifa nilisimama ubavuni pake. Aliimba kwa moyo wote, kifua mbele, macho kwenye bendera, na sauti yake ikapita kando ya wimbo kama mtu anayetafuta mlango gizani. Watoto wa mstari wa mbele walijifunza kuuma midomo. Mwalimu mkuu aliwahi kumshauri kwa upole kwamba huenda wimbo wa taifa ungeheshimika vya kutosha kwa kusimama tu. Akajibu kwamba uhuru haukuletwa na watu waliosimama tu, na kesho yake akaimba kwa nguvu zaidi.

Kwa hiyo watu wanaponiuliza ilikuwaje mtu kama huyo akatuandalia onyesho la muziki, tena la aina ambayo hakuna aliyewahi kuiona upande wetu wa Unyanyembe, huwa nashindwa kuanzia mahali pamoja. Naanzia popote.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mtu wa mjini Tabora, wa zile nyumba za mafundi na wafanyabiashara wa Kiislamu wanaojuana mpaka vyungu vyao. Kwenye kola ya gauni alichomeka sindano, kila moja na uzi wake wa rangi, na watoto waliotaka kumkumbatia walikuwa wanajua upande wa kuingilia. Ukikutana naye njiani, jicho lake halikuanzia usoni mwako, lilianzia kwenye pindo. Ulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hujamaliza kuuliza habari za nyumbani alikwisha inama anakushonea palipofumuka, nawe umesimama njiani kama mbuzi anayekamuliwa. Siku moja kwenye kituo cha treni alimwona bwana mmoja asiyemjua, amekaa dirishani ndani ya behewa, kifungo cha shati kinaning'inia. Hakuvumilia. Alinyoosha mikono akaanza kushona kupitia dirishani, na gari likaondoka na yule bwana, na uzi, na sindano. Alirudi nyumbani akisikitikia sindano.

"Uzi hauna haraka," alikuwa akiwaambia wasichana darasani, "mwenye haraka ni sindano." Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa sindano. Hakuweza kungoja kitu chochote. Maharage yake hayakuwahi kuiva. Alikuwa akiyaepua yangali yanagonga sahani, na mimi niliyekuwa nashirikiana naye jiko nilikula maharage magumu kwa miaka. Aliwafumulia wanafunzi mishono yao bila huruma na kuwaambia warudie polepole, kisha yeye akamaliza sare ya mtoto mzima wakati wa mapumziko ya chai, akitafuna ncha ya uzi.

Alikuwa bahili wa uzi na mkarimu wa sukari. Kipande cha uzi kisichozidi kidole alikihifadhi kwenye kopo. Ila ukija kwake ukakuta sukari ni ya mwisho, ataimimina yote kwenye kikombe chako na kukutazama ukinywa. Mjini Tabora kulikuwa na mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa ambaye alikuwa na ugomvi naye wa muda mrefu kuhusu uzi wa buluu. Mwalimu alishikilia kwamba ile haikuwa buluu bali kijani kilichokosa adabu. Kila likizo tulipokwenda mjini, lazima ugomvi uanze upya, na wateja wengine walikuwa wanasogea wasikilize. Yule mzee alipolazwa hospitalini Kitete, Mwalimu alimpelekea uji asubuhi kwa asubuhi mpaka alipotoka, akikaa kando ya kitanda na kuendelea na habari ya uzi palepale walipoiachia. Mke wa yule mzee aliniambia kwamba mumewe alipona ili asishindwe.

Sasa habari ya Japani.

Kabla hatujahamia kijijini alichaguliwa pamoja na akina mama wengine kwenda Japani kujifunza viwanda vidogo vya nyumbani. Alikaa huko miezi kadhaa, akarudi na mkoba wa mitindo ya kushona na hadithi ambazo hazikukaa mahali pamoja. Mara ya kwanza alisimulia treni yenye kasi sana. Mara ya pili ile treni ikawa na kasi zaidi. Mara ya tatu ilifika kabla ya kuondoka. Sikumlaumu. Lakini kulikuwa na hadithi moja ambayo haikubadilika hata neno, na kwa hiyo niliiamini.

Siku ya mapumziko wenyeji wao waliwapeleka kwenye jumba la sanaa za kisasa. Akina mama walitazamia picha za milima na maua. Waliingia chumba cheupe kisicho na picha hata moja. Katikati palikuwa na meza fupi, na nyuma ya meza alikaa kijana pekupeku, na mbele yake kisanduku kidogo chenye mkono wa kuzungushia. Utepe mrefu wa karatasi ngumu ulitandazwa sakafuni kuzunguka chumba. Kila mgeni alipewa koleo ya kutobolea, kama ile ya mkaguzi wa tiketi garini, atoboe tundu popote apendapo. Hapakuwa na wimbo ulioandikwa. Watu wakitoboa, kijana anapitisha ile karatasi kisandukuni, anazungusha, na kila tundu linapofika linakwangua jino moja la chuma ndani, kama meno ya kitana, na jino linalia. Basi. Ndiyo sanaa yenyewe.

"Wenzangu walicheka," alisema. "Mimi nilikasirika. Nikasema, wametuvusha bahari tuje kumtazama mtu mzima anachezea karatasi. Nikatoboa kwa hasira. Halafu nikasubiri lile tundu langu lifike." Hapo alikuwa akiacha kushona. "Likalia. Dogo tu, kama kijiko kwenye glasi. Nikajua ni langu. Mimi maisha yangu yote sijawahi kusikia kitu kikilia nikajua ni changu, maana nikiimba mnanitazama."

Wenzake walirudi na saa na redio. Yeye alitafuta dukani kisanduku cha namna ile pamoja na koleo yake, akarudi nacho nyumbani ndani ya soksi na kukitia kwenye mtoto wa meza ya cherehani. Alinionyesha mimi kwanza, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa nyimbo. Nilisikiliza nikamwambia kwamba huo haukuwa muziki, kwa sababu haukuwa na mwanzo wala mahali unapokwenda. Akaniuliza, wimbo wangu mimi huwa unakwenda wapi. Nikamwambia unarudi kwenye kiitikio. Akasema basi haujaenda mbali. Tuliachia hapo, na kisanduku kikarudi kwenye soksi yake.

Tulihamishiwa kijijini sote wawili mwaka mmoja. Kilikuwa kijiji kipya cha ujamaa, mwendo wa kutembea kwa miguu kutoka kituo cha Goweko, kando ya njia ya zamani ya misafara ambayo wazee bado waliiita njia ya pwani. Shule ilikuwa mpya, bati lake likilia jua likipanda. Watu wa pale walikuwa wa namna mbili. Kulikuwa na wenyeji, waliokuwapo tangu awali na mashamba yao ya tumbaku, na kulikuwa na wahamiaji, walioletwa na malori kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika porini. Wenyeji waliona wamevamiwa. Wahamiaji waliona wameng'olewa. Wote walikuwa watu wema ukiwakuta mmoja mmoja, lakini mkutanoni walikaa pande mbili na katikati wakaacha nafasi ya kupita ng'ombe. Hata kisimani walikwenda kwa njia mbili tofauti, na kisima kilikuwa kimoja.

Mwalimu wa Ushoni hakuwa na upande. Alishona pindo za pande zote.

Ikaja habari kwamba mkuu wa wilaya atatembelea kijiji kitakapotimiza mwaka. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mpole aliyechoka kabla ya wakati, akaitisha mkutano wa kupanga burudani. Wenyeji walikuwa na ngoma yao. Wahamiaji walikuwa na yao. Hakuna aliyekataa kucheza. Walichokataa ni kucheza wa pili. Maneno yakawa makali. Mmoja wa wenyeji alisema mgeni haongozi ngoma nyumbani kwa mwenyeji. Mmoja wa wahamiaji akajibu kwamba hakuomba kuwa mgeni. Mwenyekiti akasema basi hakutakuwa na ngoma, itakuwa hotuba tu.

Ndipo Mwalimu akasimama, na sindano zake kolani, akaeleza kisanduku. Alieleza vibaya sana. Alianza na ile treni ya Japani, akapitia kwa kijana pekupeku, na watu walikuwa wamekwisha anza kucheka alipofika kwenye jambo lenyewe: kwamba kila nyumba itoboe tundu katika karatasi moja, karatasi ipite kisandukuni mbele ya mgeni, na kusiwe na wa kwanza wala wa pili ila kwa jinsi nyumba zilivyofuatana barabarani. Mwenyekiti aliogopa mgeni atadhani anafanyiwa mzaha. Mimi nami nilisimama nikasema kwa heshima kwamba kitu hicho si wimbo. Mwalimu alikubali kwamba si wimbo. Alisema ndiyo maana hakuna atakayedai ni wimbo wake.

Sidhani kama walishawishika. Nadhani walichoka. Wakampa ruhusa.

Jioni ileile alikuja kwangu akaniambia kwamba mzungushaji nitakuwa mimi, kwa sababu kisanduku kinataka mkono usiobadilisha mwendo na yeye hana. Nilimkumbusha nilivyopinga. Akasema mpinzani ndiye anayezungusha kwa uangalifu.

Tulikata karatasi za manila tukaziunganisha kwa gundi ya uji wa muhogo mpaka ukawa utepe mmoja mrefu, tukauanika darasani kwenye kamba ya katani. Kisha tukaanza kwenda nyumba kwa nyumba, upande huu na upande ule, yeye na koleo, mimi nimebeba utepe uliokunjwa kama mkanda wa mpira. Kila nyumba ilipewa upana wa kiganja. Alikuwa anapima kwa kiganja chake mwenyewe na kupiga alama ya penseli.

Sijui kama niliwahi kuwafahamu watu wale kabla ya siku zile. Baba mmoja mkali alitoboa kwa uangalifu kama anayemtoa mtoto mwiba, akafuta jasho. Bi harusi mmoja alimpa mkwewe atangulie, na mkwe akakataa, na wakasukumizana koleo mpaka tukaitiwa chai. Fundi baiskeli alitoboa nafasi yake yote ikawa kama chujio, akasema nyumbani kwake kuna watu wengi. Mama mmoja wa upande wa wenyeji alishika koleo akauliza, jirani yake mhamiaji ametoboa chini, yeye akitoboa juu, nani atakuwa mkubwa.

"Hakuna mkubwa," Mwalimu alimwambia. "Wote mtalia."

Nyumba moja upande wa wahamiaji ilikuwa ya Mzee Masanja. Aliishi peke yake. Ng'ambo ya mto wa msimu alikuwa ameacha shamba lake, kisima alichokichimba mwenyewe, na kaburi la mkewe. Hakuwa mtu wa ugomvi. Alikuwa hashiriki tu. Hakuja mikutanoni, na ukimsalimia kwa Kiswahili alikujibu kwa Kinyamwezi, taratibu, kama mtu anayekurudishia kitu ulichodondosha. Mwalimu akamwamkia kwa lugha yake, mwangaluka, akakaa kwenye kigogo, na safari hii akaeleza vizuri, kwa maneno machache. Mzee alipokea utepe, akaupitisha vidoleni, akatazama matundu ya jirani zake. Kisha akaurudisha.

"Sina cha kutoboa hapa," alisema. "Changu kiko kule."

Mwalimu hakumbembeleza. Alipima kiganja chake kwenye karatasi, akapiga alama ya penseli mwanzo na mwisho, akaacha katikati patupu, akaaga. Tulipofika barabarani nilimwambia tungeweza kuisogeza nyumba inayofuata ichukue nafasi ile. Akasema haiwezekani. Mwenyekiti naye alipouona utepe alisema vilevile, kwamba pale patupu mgeni atafikiri mashine imeharibika, heri apewe fundi baiskeli ambaye bado ana hamu.

"Nyumba yake ipo," alisema Mwalimu. "Hata akifunga mlango, Mwenyekiti, nyumba ipo."

Karibu na siku yenyewe panya akala sehemu ya utepe kwa ajili ya uji wa muhogo. Nililia kidogo. Mwalimu aligeuza ile karatasi huku na huku kwenye mwanga, akaiwekea kiraka nyuma, na yale matundu ya meno yaliyokuwa ukingoni akayaacha. Alisema panya naye anakaa hapahapa, tena hajahamishwa na mtu.

Shida ya mwisho ilikuwa sauti. Ndani ya chumba kisanduku kilisikika. Nje uwanjani upepo ulikimeza. Tulikiweka juu ya debe, kikatoa sauti ya debe. Tulikiweka juu ya ngoma kubwa ya wenyeji, na ngozi ikaikuza sauti mpaka ikawa ya duara, tamu, ikafika kwenye miti. Wahamiaji waliposikia kwamba chombo cha wote kimeketi juu ya ngoma ya wenyeji wakaja juu. Basi zikaletwa ngoma mbili, zikasimamishwa pamoja, na ubao wa kufundishia hesabu ukalazwa juu yake, kisanduku katikati. Nisiseme uongo, kililia vizuri zaidi.

Mkuu wa wilaya alikuja asubuhi, mtu mnene mchangamfu aliyepiga chafya kwa sababu ya vumbi la tumbaku. Baada ya hotuba Mwenyekiti alisimama akasema kwamba sasa kitafuata kitu ambacho Mwalimu ataeleza, akaketi haraka. Mwalimu, aliyeogopwa na kila mtoto wa kijiji, akasimama mbele ya watu. Alisema tu, "Tunaomba kimya," akanitazama.

Nikaanza kuzungusha.

Mwanzoni palikuwa na kuku, na mtoto aliyekohoa, na juu yao tone moja la sauti, kisha jingine, kisha mawili pamoja. Nyuso zilinikodolea bila kuelewa. Kisha mama mmoja upande wa wenyeji akamwambia mwenzake kwa kunong'ona, "Ni sisi," na minong'ono ikaanza kutembea uwanjani ikifuata karatasi, nyumba baada ya nyumba. Nyumba ya fundi baiskeli ilipofika, kisanduku kikamwaga sauti kama punje kutoka gunia lililopasuka, na watu wakacheka pande zote mbili. Sehemu ya panya ilikuwa nzuri kuliko nyingi.

Halafu mkono wangu ukaendelea kuzunguka na hakukulia kitu.

Karatasi ilisogea. Nilisikia mkwaruzo wake tu juu ya ubao. Mwenyekiti aliinua kichwa akanitazama kwa hofu. Mkuu wa wilaya alisogea ukingoni mwa kiti. Nilitamani kuharakisha, kiganja cha Mwalimu kilikuwa kipana kuliko nilivyofikiri. Lakini nikaushika mwendo uleule. Na hapo, bila mtu kusema neno, nikaona vichwa vinageuka, kwanza vya wahamiaji na kisha vya wenyeji pia, kutazama nyuma kabisa ya uwanja, alikosimama Mzee Masanja na fimbo yake. Walikuwa wamefuata mpangilio wa nyumba. Walijua tumefika kwa nani. Uwanja mzima ukangoja, na katika miaka yangu yote ya kufundisha nyimbo sijapata kusikia watu wengi kiasi kile wakishika kimya kwa pamoja.

Kisha tundu la nyumba iliyofuata likalia, na watu wakavuta pumzi.

Utepe ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi, maana hakuna aliyejua kama panapigwa makofi. Mzee Masanja akaja mbele akipita katikati, kwenye ile nafasi ya ng'ombe, akasimama mbele ya ngoma. Alimwuliza Mwalimu, kwa Kiswahili, mbele ya wote:

"Pale palipokaa kimya ni pangu?"

"Ni pako, Mzee."

Akatikisa kichwa polepole, akiutazama ule utepe uliolala chini. "Pamesikika," akasema. Kisha akasema tena, kama mtu anayeagiza chai, "Rudieni."

Mwenyekiti alimgeukia mkuu wa wilaya, na mkuu wa wilaya, ambaye macho yake yalikuwa na maji, huenda kwa sababu ya tumbaku, akasema turudie. Tulirudia, na safari hii watu hawakukaa. Kila mmoja alitaka kuwa karibu na ubao nyumba yake itakapopita, na wakija kusikiliza ya kwao walikuta wamesimama bega kwa bega na wa upande wa pili aliyekuja kusikiliza ya kwake. Tulirudia tena mpaka mkono wangu ukafa ganzi na fundi baiskeli akanipokea. Baadaye mtu akaondoa ubao na ngoma zote mbili zikaanza kupigwa, na hakuna aliyekumbuka kuuliza ipi ilianza. Nilisikia mkuu wa wilaya akimwambia dereva wake kwamba hakuelewa kitu, lakini wilaya jirani wasije wakakipata kabla yake.

Sitasema kijiji kilipona siku ile. Wiki haikupita wakagombana kisimani kuhusu kamba. Ila waligombana mchanganyiko, na moja ya zile njia mbili ikaanza kuota majani. Mzee Masanja alianza kuja mikutanoni, akikaa alipotaka, na kadiri miaka ilivyokwenda akawa mtu wa majigambo. Aliwaambia wageni kwamba wenzake wote walipata mlio mmoja mmoja wa kijiko, lakini yeye peke yake ndiye aliyemfanya mkuu wa wilaya ashike pumzi.

Kuhusu kisanduku, meno mawili yalikatika mvua zilizofuata, na Mwalimu akawapa watoto wa darasa la kwanza wachezee. Nilihuzunika. Yeye alikuwa ameshughulika na jambo jingine, nadhani mapazia ya zahanati. Hakuwa mtu wa kutunza kumbukumbu. Alitunza nyuzi tu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu mkuu mjini na yeye amestaafu na kuhamia kwa mpwa wake Bukene, nilipanda treni ya Mwanza kwenda kumsalimia. Nilikusudia kukaa saa chache na kurudi kwa treni ya jioni. Nilikuwa nimebeba sukari, khanga, na maswali yangu. Nyumbani sikumkuta. Mpwa wake alinielekeza uwanja wa mpira, nyuma ya reli, akiomba radhi kama mtu anayemsemea mgonjwa.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha kukunja kando ya mstari, miwani minene usoni, anamwambia mwamuzi kwa sauti kubwa kwamba hana haya. Timu ya vijana wa Bukene ilikuwa inacheza na timu ya kutoka Nzega. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba mwanangu, akalitazama pindo langu, akaridhika, akarudisha macho uwanjani. Nikakaa chini kwenye majani karibu naye.

Nilimweleza nilivyokuja kumwuliza habari za lile onyesho, kwamba mjini watu hawaniamini nikilisimulia. Alifikiri. Alisema anakumbuka kwamba wali wa siku ile ulikuwa na chumvi nyingi. Nikamwuliza kama anamkumbuka Mzee Masanja. Akasema anamkumbuka sana, alikuwa akivaa shati bila kifungo cha juu mpaka alipomkamata. Basi, hayo tu. Akanishika bega ghafla na kunionyesha vijana wake. Walikuwa na jezi za rangi ya chungwa, zenye kola nyeupe, alizozishona mwenyewe kwa kitambaa cha pazia ambacho mpwa wake bado hajui kilikokwenda.

Nikamwuliza mchezo unaendaje, ni mangapi kwa mangapi.

"Mabao usiniulize mimi," alisema. "Tazama kola. Yule golikipa, amejitupa chini mara ngapi leo, na bado imesimama."

Mpira ukaingia wavuni kwetu mara nyingine. Vijana wa Nzega wakarukaruka. Mwalimu wa Ushoni akapiga makofi kwa wote, kwa kuwa golikipa wake alikuwa ameinuka na jezi haikuchanika popote. Upande wa stesheni treni ya kurudi Tabora ikapiga honi ya kwanza, nami nikaanza kujikung'uta majani nipate kumuaga.

Hakugeuza kichwa. Alinivuta khanga niliyojitanda, nikashuka tena.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Leo wanafungwa vizuri sana."

Nikakaa.